Mavuno ni ya Nani? Bustani ya Shule na Stadi za Maisha

Mhadhara uliotolewa Dodoma mbele ya walimu, wajumbe wa kamati za shule na wazazi

  

Nimeombwa nieleze namna ya kuanzisha bustani ya shule ili watoto wajifunze stadi za maisha. Lengo langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba bustani humfundisha mtoto pale tu anapokuwa na sauti juu ya kinachopandwa, na juu ya mavuno yatakavyotumika. Akinyimwa sauti hiyo atakuwa amelima tu, na kulima watoto wengi wa mkoa huu wamekujua kabla hawajaandikishwa darasa la kwanza. Hoja nitazipa namba, wenye madaftari wapate kunifuata, na atakayetaka kunipinga ajue anipinge wapi.

1. Swali la kwanza ni la mavuno

Mwambie mzazi wa makamo kwamba shule inataka kuanzisha bustani, ataguna. Ana sababu. Anakumbuka vipindi vya EK, yaani Elimu ya Kujitegemea: jembe la kutoka nyumbani, ndoo ya samadi kichwani, shamba la mahindi ambalo yeye alipalilia lakini hakuwahi kuambiwa gunia ngapi zilipatikana wala zilikwenda wapi. Anakumbuka pia kwamba aliyechelewa namba asubuhi alipimiwa eneo la kulima, na aliyepiga kelele darasani akaongezewa. Mwanafunzi aliyefanya vizuri hakupewa jembe. Aliyekosa ndiye aliyepewa. Mtoto hahitaji maelezo zaidi ili ajue shule yake inaionaje kazi ya wazazi wake.

Guno hilo ni la zamani kuliko EK. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwemo Dk. James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Tume ilishauri elimu ya Mwafrika ielekezwe kwenye kilimo, ufundi, afya na maisha ya kijijini. Ushauri wenyewe ulikuwa na mambo mazuri ndani yake. Lakini wazazi walitazama huku na huku, wakaona karani analipwa mshahara na mkulima analipa kodi, wakajiuliza kwa nini watoto wao ndio wafundishwe jembe. Katika miaka ya 1950 Tanganyika ilipotia mkazo wa kilimo kwenye shule za kati, wengi waliona wanapewa elimu ya daraja la pili. Mimi siwalaumu. Shule iliyowapa watoto wa wakubwa kalamu na watoto wa wakulima jembe ilistahili kutiliwa shaka.

Halafu ikaja Machi 1967. Mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Karibu kila mtu anakumbuka kwamba Mwalimu alitaka kila shule iwe na shamba au karakana. Wachache wanakumbuka sehemu nyingine ya andiko hilo: alitaka wanafunzi wenyewe washiriki kuamua. Alitoa hata mfano wa trekta. Shule ikiwa na fedha iliyotokana na shamba, wanafunzi wapime kama waikodi trekta kuandaa shamba, au fedha hiyo waitumie kwa jambo lingine na kazi waifanye kwa mikono yao. Huo ni uamuzi wa kiuchumi, na alitaka ufanywe na watoto, kwa hesabu zilizo mbele yao.

Tulichukua shamba, tukaacha uamuzi. Majembe yaligawiwa kwa wote na daftari la mapato likabaki kabatini kwa mkubwa wa shule. Kwa hiyo mtu akisema Elimu ya Kujitegemea ilijaribiwa ikashindikana, mimi humjibu kwamba nusu yake iliyo muhimu zaidi shule nyingi hazikuijaribu kabisa.

Majirani zetu wameonja hali hiyo hiyo. Edward Mukiibi wa Uganda, mtaalamu wa kilimo ambaye mwaka 2022 alichaguliwa kuwa rais wa shirika la kimataifa la Slow Food, ameeleza mara kwa mara jinsi kilimo kilivyotumika kama adhabu katika shule za nchi yake. Katikati ya miaka ya 2000 yeye na wenzake walianzisha bustani za shule wilayani Mukono kwa shabaha ya kubadili mtazamo huo: mtoto apande, apike, ale, na aone fahari.

Ndiyo maana sharti langu la kwanza halihusu udongo wala mbegu. Kabla jembe halijagusa ardhi, kamati ya shule iandike mambo mawili kwenye kumbukumbu za kikao chake. Bustani haitatumika kwa adhabu, hata siku moja, hata mwalimu wa zamu akikasirika vipi. Na mavuno ni ya watoto. Watakaoamua yaliwe, yauzwe au yagawiwe ni wao, kwa mwongozo wa mwalimu. Shule ambayo haiko tayari kuandika hayo, naiomba isianze. Ardhi hiyo watoto wachezee mpira.

2. Maji kabla ya mbegu

Tuko Dodoma, kwa hiyo sitapoteza muda kuwaeleza ukame ni nini. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, huanza Desemba na kwisha Aprili, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 550. Na tazameni kalenda: mvua za kwanza zinapoanguka, shule zimefungwa. Watoto wanarudi Januari wakati wakulima wameshapanda. Kisha mvua inakatika, na miezi mirefu ya masomo, kuanzia Mei, ni ya vumbi. Bustani nyingi za shule hufia hapo. Hazifi kwa uvivu wa watoto. Zinakufa kwa sababu hakuna aliyepiga hesabu.

Basi tuipige sasa, na nyie wanafunzi mliokaa safu ya mbele mnisaidie. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba, ni lita ngapi? Ni lita moja kamili. Vizuri. Jengo la madarasa mawili lina paa la mita 18 kwa mita 8 hivi, yaani mita za mraba 144. Mvua moja nzuri ya alasiri, ya milimita 20, inaangusha juu ya paa hilo lita 2,880. Toa moja ya tano kwa yanayorukia nje na kuvuja kwenye mifereji, zinabaki lita 2,300. Tenki la lita 10,000 litajaa kwa mvua nne au tano kama hiyo. Maji mengine yote ya msimu yatapita yakienda zake bondeni.

Upande wa matumizi: mboga za majani wakati wa jua kali zinataka karibu lita tano kwa kila mita ya mraba kwa siku. Tuta la upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 5 lina mita za mraba 6, kwa hiyo linakunywa lita 30, sawa na ndoo kubwa moja na nusu. Shule zenye shauku huanza na matuta kumi. Matuta kumi ni lita 300 kila siku, na tenki letu litakauka baada ya siku 33. Matuta matatu ni lita 90, na tenki hilo hilo litafika siku 111. Ukianza kulitumia katikati ya Mei, unafika Septemba.

Hapo mmeona kwa nini nasema matuta matatu. Siyo kwamba watoto hawawezi zaidi. Maji ndiyo yanayoamua, na mtoto aliyepiga hesabu hiyo mwenyewe ubaoni hatasahau kamwe kwamba mipango huanza na kile ulichonacho. Pia atajua kupunguza matumizi: kutandaza nyasi kavu juu ya udongo, kumwagilia asubuhi na jioni badala ya saa saba mchana, na kuchimba tuta lizame kidogo chini ya usawa wa ardhi ili maji yasikimbie. Tuta la kunyanyuka tuwaachie watu wa sehemu zenye mvua nyingi. Huku kwetu linakauka kama ungo juani.

Neno moja kwa wazazi wa kike na wa kiume. Kama bustani itategemea maji ya kutekwa kisimani, tazameni nani anatumwa. Mara nyingi utakuta wasichana wana ndoo na wavulana wana majembe. Ratiba ibadilishwe kila wiki, na ibandikwe ukutani. Mvulana aliyebeba ndoo mwezi mzima atakuwa mume wa namna nyingine. Naona akina mama wanapiga makofi; akina baba tutazungumza nje.

3. Panda kinachoiva kabla mtoto hajachoka

Shule nyingi zikipewa nafasi ya kuchagua hutaka nyanya, kwa kuwa nyanya ina bei. Nashauri isiwe zao la mwanzo. Nyanya inataka kitalu, kupandikizwa, kuegemezwa kwenye miti, na takriban miezi mitatu shambani. Tena tangu mwaka 2014 nchi yetu imeingiliwa na yule nondo ambaye wakulima wamempa jina la kanitangaze. Viwavi wake huchimba njia ndani ya jani na kutoboa tunda, na wakulima wengi hupambana nao kwa kupuliza dawa mara kwa mara. Sitaki kuona mtoto wa darasa la nne na bomba la dawa mgongoni. Kwenye bustani ya shule viuatilifu vya dukani visiwepo kabisa. Vidukari wakiingia, watoto wawaondoe kwa mkono au kwa maji ya majani ya mwarobaini, na wasipofaulu, wang'oe waanze upya.

Mchicha unaanza kuvunwa wiki tatu hadi nne baada ya kuoteshwa. Ukiukata ukaacha shina, unachipua tena. Matembele yanapandwa kwa marando yanayoombwa kwa jirani bure. Kunde zinatoa mboga kwanza, punje zake baadaye, na mizizi yake inarudisha naitrojeni kwenye udongo. Hizo tatu zinatosha mwaka wa kwanza. Mtoto aone matokeo mapema, kisha subira ya mazao marefu, kama ngogwe na mpapai, aijenge polepole.

Na mlenda? Nilikuwa nangoja mtu auulize. Wagogo wamekula mlenda na ugali wa uwele kabla ya shule yoyote kujengwa hapa, na ujuzi wa kuuchuma, kuukausha na kuuhifadhi mpaka kiangazi wanao bibi zetu. Sioni kwa nini bustani ya shule ya Dodoma ifundishe kabichi na inyamaze kuhusu mlenda. Alikeni bibi mmoja aje kufundisha kipindi kizima, akae kwenye kiti cha mwalimu, na watoto waandike. Wataalamu wenyewe wamekwisha kuona thamani hiyo: Kituo cha Mboga Duniani kimekuwa na ofisi ya kanda mkoani Arusha tangu 1992, na kazi yake kubwa ni mboga zetu za asili, kama mchicha, mnavu, mgagani na ngogwe, kukusanya mbegu zake na kuziboresha.

Hapa sina budi kuonya juu ya ahadi. Tunajua hali ya lishe: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Tunajua pia kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mtu apate angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Kiongozi akishika takwimu hizo mkononi ni rahisi atangaze kwamba bustani italisha shule. Haitalisha. Shule ya wanafunzi 800, kila mmoja akipewa gramu 100 tu za mboga, inahitaji kilo 80 kwa mlo mmoja. Matuta yetu matatu yana mita za mraba 18 jumla. Chakula cha mchana cha shule ni wajibu wa wazazi, kijiji na serikali. Kisiwekwe mgongoni kwa bustani ya watoto. Bustani inaweza kuwapa darasa moja moja sufuria ya mboga waliyoipanda, wakaipika na kuila pamoja. Mtoto aliyekuwa hali matembele nyumbani hula aliyoyapanda mwenyewe, na hilo wazazi wengi hapa mmelishuhudia.

4. Daftari

Nikiulizwa kifaa gani ninunue kwanza kwa ajili ya bustani, sitaji jembe. Nataja daftari kubwa la jalada gumu. Liwe na safu za tarehe, kazi iliyofanyika, aliyeifanya, ndoo za maji, gharama, mavuno, na mavuno yalikokwenda. Liandikwe na watoto kwa zamu na likae darasani, mahali ambapo mtoto yeyote analifungua bila kuomba ruhusa.

Tuseme watoto wamevuna mafungu 40 ya mchicha, na fungu ni shilingi 300. Ni shilingi 12,000. Mbegu zilikuwa 2,000, samadi 3,000. Zimebaki 7,000. Sasa ndipo somo linaanza. Mmoja anataka mpira. Mwingine anataka mbegu za msimu ujao. Wa tatu anasema kila mtu apeleke fungu nyumbani, mama aone. Watabishana, na mwalimu ajizuie kuwaamulia. Kusikiliza hoja ya mwenzako, kushindwa kwa kura bila kununa, kuweka akiba wakati unatamani kutumia: tukisema stadi za maisha tunamaanisha hayo. Yameandikwa kwenye mitaala kwa miaka mingi, lakini mtoto hayajui mpaka awe na shilingi 7,000 ambazo ni zake na wenzake thelathini.

Na siku mwalimu akipita jioni akachukua mafungu sita ya kupikia nyumbani, yaandikwe. Walimu, mnacheka, lakini mnajua ninachokisema. Hakuna ubaya mwalimu kula mboga ya bustani aliyoisimamia. Ila iandikwe, tena na mtoto mwenyewe, mafungu sita, jina, tarehe. Mtoto aliyeandika hivyo akiwa na miaka kumi, siku moja atakaa kwenye mkutano wa kijiji na kuuliza taarifa ya mapato na matumizi bila kutetemeka. Kwangu mimi hilo ni zao kubwa kuliko mchicha wote.

Hasara nayo iandikwe. Mbuzi wakiingia wakala tuta zima, watoto waandike mbuzi waliingia saa ngapi na uzio ulikuwa wazi kwa sababu gani. Mwalimu asikimbilie kupanda tena usiku ili mgeni wa halmashauri asione.

5. Nani atakuwepo likizoni

Hoja hii ni fupi. Bustani ya mwalimu mmoja mwenye moyo hufa siku anapohamishwa. Iwe ya klabu, yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina wanafunzi, na mzazi mmoja wa jirani na shule anayesaidia Juni na Septemba, naye alipwe kwa mboga kwa makubaliano yaliyoandikwa. Wakenya wana mfano wa kuangalia: vilabu vya 4-K, kwa maana ya Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, ambavyo vilififia kwa miaka mingi mpaka serikali yao ikavifufua mwaka 2021. Naamini kilichovifanya vikumbukwe muda wote huo ni kwamba mtoto alikuwa mwanachama.

Ndugu Mwenyekiti, naelekea kumaliza. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umefungua mkondo wa amali katika sekondari, na kilimo ni mojawapo ya fani zake. Ni hatua njema. Ila kijana hawezi kufika kidato cha kwanza akiwa na kumbukumbu ya jembe kama fimbo, halafu tukategemea achague kilimo kwa hiari. Kazi ya kumwandaa iko shule ya msingi, na gharama yake ni ndogo: mifereji ya paa, tenki, mbegu za mchicha, daftari.

Basi naomba jambo moja kwa wajumbe wa kamati za shule mliomo humu. Kikao chenu kijacho kiwe na agenda ya bustani, na msitoke kabla hamjaandika majibu ya maswali matatu: maji yatatoka wapi, mavuno ni ya nani, na daftari litakaa wapi. Afisa ugani wa kata yenu aalikwe siku hiyo. Ndiyo kazi yake na atakuja. Wenye majibu mapema wafunge mifereji kabla ya Desemba, na Januari watoto wakirudi wapewe wao kwanza nafasi ya kusema wanataka kupanda nini.

 Maswali nayapokea, na naomba tuanze na wanafunzi.